Namba ya Siku

Mtu wa kwanza kumwambia Inspekta Kimenyi kwamba marehemu Faradji bado anapiga simu alikuwa askari mwenzake, mtu mzima, mwenye cheo begani na watoto wanne nyumbani. Hakusema kwa utani. Aliliweka faili mezani, akaligonga kwa kidole.

"Ukurasa wa tisa," alisema. "Usome ukiwa umekaa."

Kimenyi aliusoma amesimama, ili kumwonyesha. Halafu akakaa.

Yalikuwa maelezo ya Mama Ineza, anayefagia ua wa ofisi ya marehemu na kuuza chai getini. Kijana wa polisi alikuwa ameyaandika kwa Kinyarwanda, mwandiko wa mtu mwenye njaa: ku wa gatatu, yaani Jumatano, saa sita na nusu mchana, simu ya stoo ililia, ikakatika, ikalia tena, mara nyingi. Ua ulikuwa kimya, stoo haina mtu.

Simu ile haikuwa na laini ya nje. Ilikuwa ya kupigiwa kutoka vyumba vingine vya ofisi, basi. Na Jumatano hiyo ofisi ilikuwa imefungwa, wafanyakazi wote wako msibani, na chumba cha mzee kina utepe wa polisi mlangoni. Mzee mwenyewe alikuwa amekufa Jumatatu na kuzikwa Jumanne asubuhi.

Kimenyi hakuwa mtu wa mizuka. Alifunga faili, akavaa koti, akatoka. Lakini njiani aligundua kwamba simu yake ya mkononi ameizima, wala hakukumbuka aliizima saa ngapi.

Ilikuwa Jumatatu nyingine, wiki mbili kamili tangu kifo kile. Saa kumi jioni faili lingeondoka kwenda kwa mwendesha mashtaka, na ndani yake jina moja tu: Nyiramana, karani wa mapokezi, miaka ishirini na sita, aliyekuwa mahabusu kwa kosa la kumwacha mtu afe ilhali angeweza kumwokoa. Mwanawe alikuwa amepelekwa kwa bibi yake huko Mahoko, akaambiwa mama yuko safarini.

Ukiisoma kesi haraka, haikuwa na pa kupumulia. Mzee Faradji, wakala wa forodha, ofisi yake iko barabara ya kwenda Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Goma, aliugua pumu tangu ujana. Alikuwa akienda hadi Nyamyumba kukaa kwenye maji ya moto kutuliza kifua. Mwezi wa pili pumu ilimbana ofisini, akaanguka, akashindwa hata kuita. Binti yake Rayhana akapiga moyo konde, akainunulia ofisi nzima simu mpya. Mtu asiye na pumzi hawezi kupiga kelele, alisema, lakini kidole chake kinafanya kazi. Simu ya mzee ilikuwa ya wazee hasa, haina kioo, ina vitufe vikubwa vya kupiga haraka. Ukigusa kimoja, namba nzima inajipiga yenyewe na simu inalia kwenye meza ya mhusika.

Wafanyakazi walikuwa watano na siku za kazi tano. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya zamu, ya kukaa ofisini mchana wenzake wakiwa mpakani, pampu ya akiba ya dawa ikiwa kwenye droo yake. Evode, mtunza stoo ambaye ndiye fundi wao wa nyaya, alivipanga vitufe vitano kwa siku tano. Majina hakuandika, kwa sababu mzee herufi ndogo hakuziona bila miwani. Aliandika tarakimu kubwa kwa kalamu ya wino mzito, moja mpaka tano.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Nyiramana. Saa saba na robo alimpelekea mzee chai, akamkuta ameinamia meza, mkono wa kushoto umeshika pampu iliyokwisha dawa, wa kulia uko juu ya simu. Pampu mpya ilikuwa kwenye droo ya Nyiramana, haijafunguliwa. Alisema simu yake haikulia. Polisi wakabonyeza moja kwenye simu ya mzee, na ya Nyiramana ikalia pale pale. Na Ijumaa iliyotangulia watu watatu walikuwa wamemsikia, baada ya kufokewa kwa kuchelewa, akimjibu mzee maneno ambayo sasa yalikuwa ukurasa wa nne: "Iko siku utaniita, mzee, na hutanipata."

Kimenyi alimkuta Evode barazani. Alikuwa ameitoa meza yake stoo na kuiweka nje, upande wa vumbi la malori, na makaratasi yake ameyakandamiza kwa mawe.

"Mbona hapa, bwana Evode?"

"Mi siingie tena mule, Afande." Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, aliyekulia Goma, na alizungumza akitazama viatu vya Kimenyi. "Ile simu inaliaka."

"Umeisikia wewe mwenyewe?"

"Watu wote wanajua. Si iko kwa dosiye yenu?"

"Nimekuuliza wewe."

Evode alihamisha jiwe moja kutoka karatasi hii kwenda ile. "Nilichomoa waya yake. Bon. Haiwezi kulia tena."

"Kama haiwezi kulia, unaogopa nini kuingia?"

Kimenyi aliomba ufunguo, akavuka ua. Stoo ilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya choo na tangi la maji. Ndani kulinuka maboksi na mafuta ya mashine. Simu ilikuwa rafuni, imegeuzwa uso ukutani, waya wake umezungushwa shingoni mara tano au sita, umekazwa kuliko inavyohitajika kwa waya. Kimenyi aliufungua taratibu. Hakuipenda kazi hiyo. Alipouchomeka, kioo kidogo kiliwaka, naye akatazama orodha ya simu zilizoingia.

Hapakuwa na kitu. Orodha ilikuwa tupu kabisa.

Alirudi mapokezi kwenye meza ya Nyiramana, akaitazama simu ya pale. Polisi walikuwa wameichomoa na kukaa nayo siku tisa kabla ya kuirudisha, na bado ilikumbuka: Jumamosi kabla ya kifo, saa tatu asubuhi, Bureau Mzee, yaani ofisi ya mzee, mara mbili, kisha ile moja ya polisi walipojaribu. Kwa hiyo kuchomoa waya hakufuti kitu. Alitoka tena barazani.

"Jumamosi ulipofunga hizi simu, ulizijaribu zote?"

"Zote, Afande. Nilitoka kwa mzee, nikafinya moja, mbili, tatu, nne, tano. Zote zililia."

"Ya stoo pia?"

"Ya stoo pia."

"Halafu?"

"Halafu mzee akasema na yeye ajaribu." Kwa mara ya kwanza Evode alitabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimzeesha. "Nilimwambia, mzee, ni maneno manne tu: finya namba ya siku. Akafinya moja. Mi nikakimbia réception, nikapokea, nikasikia anacheka. Akasema: 'Moja. Kumbe rahisi hivi.'"

"Akajaribu na nyingine?"

"Hapana. Alisema ameelewa."

Kimenyi aliandika maneno hayo bila kujua kwa nini. Kilichomshughulisha kilikuwa kingine. Simu ya stoo ililia Jumamosi, Evode mwenyewe amesema, na alama yake haipo. Mtu alikuwa ameifuta orodha nzima. Na mzuka unaofuta nyayo zake kwenye kioo cha simu, huo Kimenyi alikuwa tayari kuufunga pingu.

Mama Ineza alikuwa getini, anasuuza vikombe. Mama wa Kiislamu wa pale mjini, kitenge kimefungwa vizuri, mdomo hauna kufuli. Kimenyi alimwamkia, akanunua chai, akakaa kwenye kibao.

"Mama, naomba unisimulie ile simu ya stoo."

"Si nimeshasimulia? Ililia, ililia, ililia. Inanyamaza kidogo sawa mutu anayevuta pumzi, halafu inalia tena. Mi nilikuwa nafagia kwa tangi. Nikasema, Evode iko barrière, nani anamutafuta hivi?"

"Siku gani?"

"Jumatatu."

Kimenyi alishusha kikombe. "Jumatatu ipi?"

"Ile mzee alikufa! Iko Jumatatu ngapi?"

"Hapa wameandika ku wa gatatu." Alimfungulia ukurasa wa tisa, ingawa mama yule hakujua kusoma. "Jumatano."

"Wallahi sikusema Jumatano. Nilisema Jumatatu, ule kijana akaandika, akanipa wino, nikatia kidole."

"Na watu waliposema ni mzee anapiga kutoka kaburini, mbona hukuwakatalia?"

Mama Ineza aliacha kusuuza. Alitazama upande wa stoo, na sauti yake ikapungua. "Nilifikiri wao waliisikia siku ingine. Nilisema, pengine ililia Jumatatu na ikarudi tena kulia. Mzee alikuwa mutu wa kurudilia maneno, Afande. Hata mi sipiti tena kule nyuma."

Kimenyi alikuwa amezaliwa Ngara, upande wa Tanzania, na wenzake kazini walimtania kwa Kiswahili chake cha redioni. Alikumbuka mwezi wake wa kwanza Rwanda. Bosi alimwita kikaoni ku wa gatatu, siku ya tatu, naye akasikia "tatu", akaenda Jumatatu, akakaa nje ya mlango uliofungwa mpaka mlinzi akamhurumia. Kwa Kinyarwanda wiki inaanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya kazi, Jumatatu, na ya tatu ni Jumatano. Kijana wa polisi alikuwa amefanya kosa lile lile, ila kwa kinyume. Mama alisema Jumatatu, naye akasikia tatu, akaandika gatatu.

Basi hapakuwa na simu yoyote ya Jumatano. Mzuka ulikuwa umetoka kwenye kalamu.

Alipaswa kufurahi, lakini alilifunga faili polepole. Kwa maana kama simu ya stoo ililia Jumatatu saa sita na nusu, aliyekuwa akiipiga hakuwa maiti. Alikuwa mtu hai, anayekata pumzi, anayeita na kuita. Mzuka ungekuwa afadhali.

Akalifungua daftari lake pale alipoandika: *Moja. Kumbe rahisi hivi.* Akasoma na siku iliyo juu yake. Jumamosi.

Chai aliiacha kibaoni.

Rayhana alikuwa chumbani kwa baba yake, utepe umeshaondolewa, anapanga faili kwenye maboksi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini Kigali ili aendeshe ofisi mpaka mambo yatulie. Alivaa mtandio mweusi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelia mpaka akakasirika. Yeye ndiye aliyepeleka malalamiko polisi. Yeye ndiye aliyesimama msibani mbele ya mtaa mzima akamtaja Nyiramana kwa jina.

"Afande, unatafuta nini tena? Mutu iko ndani."

"Natafuta simu moja."

"Baba aliita." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Aliita, na ule mwanamuke akakaa na dawa kwa droo. Unataka nini ingine?"

"Nataka ukae kwenye kiti chake."

"Sikai."

"Dakika mbili tu, mama. Halafu sitakusumbua tena."

Alimtazama sana, kisha akakaa, lakini ukingoni. Kimenyi alilifungua dirisha linaloelekea uani, ambalo mzee alilifunga sikuzote kwa ajili ya vumbi. Mama Ineza alikuwa amefuata, amesimama katikati ya ua na ufagio wake. Kimenyi akamwita Evode. Evode alifika mlangoni, akaishia hapo.

"Uingie," alisema Kimenyi. "Mwambie dada Rayhana maneno uliyomwambia mzee siku ile. Yale yale, usiongeze."

Evode alilamba midomo. "Afande, namna gani sasa..."

"Maneno manne."

"Finya namba ya siku."

"Huna pumzi, mama," Kimenyi alimwambia Rayhana. "Pampu imekwisha. Ita."

Rayhana alinyanyua mkono. Kidole chake hakikusita, wala hakutazama vitufe mara mbili. Alibonyeza, akaweka mkono wa simu sikioni.

Upande wa mapokezi palikuwa kimya. Lori lilipita barabarani, likapunguza mwendo, likaenda. Halafu nyuma kabisa, ng'ambo ya ua, nyuma ya choo na tangi la maji, simu ilianza kulia.

Mama Ineza aliachia ufagio. "Njo ile!" alipiga kelele. "Njo ile, mama wee, inalia sawa ile siku!"

Ililia, ikanyamaza, ikalia. Kutoka dirishani ilisikika kama kitu kilichofungiwa ndani. Kimenyi aliyeichomeka kwa mkono wake mwenyewe alisikia mgongo unamsisimka, na hakuona haya.

"Kwa nini inalia kule?" aliuliza Rayhana. "Nyiramana anakaa réception."

"Umebonyeza ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Si leo ni Juma..." Hakulimaliza neno. Mdomo ulibaki wazi.

"Jumamosi ni ya mosi," alisema Kimenyi. "Jumapili ya pili. Jumatatu ya tatu. Baba yako alihesabu siku alivyofundishwa na mama yake, kama unavyohesabu wewe, na Jumamosi alibonyeza moja, akapata jibu, akaamini ameelewa. Bwana Evode hapa, yeye anahesabuje?"

Evode alikuwa ameziba masikio kwa viganja. "Ikate, Afande. Sema aikate."

"Unahesabuje?"

"Lundi, hiyo Jumatatu, ni siku ya kwanza!" Sauti ilimtoka kwa nguvu. "Kwa sisi ni siku ya kwanza! Kwa Kinyarwanda ni siku ya kwanza! Nyiramana moja, na mi niko mercredi, Jumatano, niko tatu. Nilijua aje kama mzee anahesabu ingine?"

"Hukujua," alisema Kimenyi. "Hilo nalikubali. Uliporudi kutoka barrière ndipo ulipojua. Kioo kilikuonyesha nini?"

Simu ililia. Evode alishuka taratibu mpaka akachuchumaa, mgongo kwenye mlango.

"Bureau Mzee," alisema. "Mara kumi na moja."

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja idadi. Haikuwa popote katika faili.

"Nikafuta. Nilisema, mzee amekufa, nikionyesha hii hatarudi. Watasema ni mi nilimuua na vitufe yangu. Halafu wakamukamata Nyiramana. Nikasema watamuachilia kesho. Kila siku nilisema kesho." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Na waliposema ni mzuka, nikasema ndiyo, ni mzuka. Mi nilichomoa waya, Afande, na bado naisikia. Wiki mbili. Nikilala, naisikia. Kumi na moja, nahesabu, halafu inaanza tena."

Kimenyi alikuwa anamtazama Rayhana, ambaye hakuwa anamsikiliza Evode hata kidogo. Mkono wa simu ulikuwa bado sikioni, na kule stoo ilikuwa bado inalia.

"Aliniuliza," Rayhana alisema.

"Nani, mama?"

"Baba. Jumapili. Alinipigia Kigali, akasema, 'Rayhana, kesho nitafinya ngapi?' Nikamucheka." Alivitazama vitufe. "Nikamwambia, Baba, si iko kwa jina? Kesho ni Jumatatu. Nikamucheka, Afande."

Hapo ndipo Kimenyi alipotoka. Alipita ua kwa hatua kubwa, akampita Mama Ineza, akaingia stoo, akanyanyua simu. Ua wote ukanyamaza.

Alidhani Rayhana atakuwa ameshakata, lakini hakuwa amekata. Katika sikio la Kimenyi kulikuwa na pumzi nzito, inayopanda kwa shida na kushuka kwa shida, na kwa kitambo kidogo alisahau ni ya nani.

"Niko hapa," alisema.

Pumzi ile ilikatika, ikarudi. "Nyiramana atoke leo," alisema Rayhana. "Nitakuja mi mwenyewe polisi. Mutaa wote ulinisikia nikimutaja, na nitarudi kusema mbele yao."

"Atatoka kabla ya saa kumi."

"Usikate, Afande. Tafadhali. Usikate kwanza."

Kimenyi alivuta boksi kwa mguu, akakaa, akaikaza simu sikioni. Alikaa gizani kati ya maboksi, akamsikiliza mpaka alipopata pumzi.